Kufuli Namba Arobaini na Mbili

Ipyana alirudi kutoka chumba cha daktari akitafuna ndizi choma, na kabla hajakaa alitangazia ukumbi mzima wa mitambo kwamba amepona.

"Nilikwenda wawili, nimerudi mmoja," alisema. "Na huyo mmoja ana njaa ya wawili."

Watu walicheka. Tusekile naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na macho hakuyaondoa kwenye vipimo vya mgandamizo mbele yake. Ipyana alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi hapo kituo cha mvuke wa ardhini cha Ilindi, mtu wa mizaha tangu alfajiri mpaka anavua buti, na kwa kawaida Tusekile ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu. Leo alimwachia ushindi.

Kosa lilikuwa la Kofia, na sasa kila mtu alilijua. Kofia zililetwa miezi mitano iliyopita, moja kwa kila anayeshika valvu, zisome ubongo na kupiga kelele mtu akianza kusinzia mbele ya mvuke wenye nguvu ya kurusha lori. Waliozitengeneza walikuwa watu wa ofisini. Hakuna aliyewaambia kwamba Ilindi zamu haipokelewi, inavaliwa. Anayeingia husimama uso kwa uso na anayetoka, humsikiliza mpaka mwisho, kisha huyarudia yote kama ya kwake: nimefungua kisima cha tatu saa kumi na moja, nimepunguza cha saba, nimekosea kusoma kipimo cha tisa na nimesahihisha. Hata kosa unalivaa. Waanzilishi wa kituo waligundua kwamba mtu akisema "mwenzangu amefungua" huwa hahangaiki kwenda kuangalia kama kweli pamefunguliwa.

Basi kila zamu ilipovaliwa, Kofia ilisikia kichwani mwa Ipyana mtu mwingine akisema mimi. Ikaandika: nafsi mbili. Iliandika hivyo kwa watu wanne kabla makao makuu hayajashtuka na kuona aibu. Amri ikatoka kwamba majibu yote manne yamefutwa, na kila mmoja asafishwe. Unavalishwa Kofia dakika arobaini, inatuma mawimbi, na ile alama dhaifu ya ziada inayeyukia ndani ya ile yenye nguvu. Asiyesafishwa hatashika tena valvu.

Wa nne kati ya hao wanne alikuwa Tusekile.

"Wewe ni kesho, Ijumaa, kabla ya saa sita," Ipyana alimwambia, akimwekea fomu juu ya meza. "Wala haiumi, dada. Ni kama kunyolewa, ila nywele zinabaki."

Tusekile aliisoma fomu mara tatu. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi cha kumtia woga. Alikuwa ameambiwa na karatasi yenye mhuri kwamba yeye ni mtu mmoja, mzima, kama watu wengine wote. Kilichomsumbua ni kwamba wale watatu habari yao ilianzia kwenye Kofia na kuishia hapo hapo. Yake ilikuwa imeendelea. Kofia ilimpeleka kwa Daktari Lugano, na Daktari Lugano alimuuliza maswali wiki sita, akamwambia kwa upole kwamba hali yake ina jina, ni ya nafsi kugawanyika, na kwamba huyo mwingine naye ana jina. Anaitwa Bupe.

*

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alikuwa amejipanga tangu ngazini, na aliogopa akikaa maneno yatamtawanyika.

"Nimekuja kukiri. Nimekuwa nakudanganya. Sikujua kama nakudanganya, lakini nilikuwa nakudanganya."

Daktari Lugano alifunga daftari lake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ndogo na subira kubwa.

"Haya. Nieleze ulivyonidanganya."

"Uliniuliza kama kuna saa zinanipotea. Nikasema ndiyo. Nani hazimpotei? Uliniuliza kama nakuta vitu ambavyo sikumbuki kuvinunua, nikakutajia kile kitenge cha njano. Labda nilikinunua nikasahau. Uliponiuliza huyo mwingine anaitwa nani, jina la Bupe likanijia. Labda nilisoma naye darasa moja. Nilikuona unaandika, nikaona unafurahi nikijibu, basi nikawa najibu. Watu wanafanya hivyo, daktari. Mtu anajitungia ugonjwa ili asikilizwe."

"Na nyumba ya shangazi yako?"

Tusekile aligeuza uso. Dirishani vilionekana visima vinafuka, na nyuma yavyo mashamba ya chai yakipanda mlima.

"Ile ni kweli," alisema. "Ile siitilii shaka. Lakini wako watu wengi waliofungiwa stoo utotoni, siku nne, wiki, na leo ni wazima, wana kichwa kimoja."

"Wako," daktari alikubali. "Sikiliza. Mimi sikuitegemea Kofia. Nilikutegemea wewe, na yeye, kwa sababu niliongea naye mara tano hapo ulipo. Hata hivyo naweza kukosea. Nimewahi kukosea, na kwa mtu niliyekuwa na uhakika naye kuliko wewe."

"Ulirekodi?"

"Nilirekodi. Ukaisikiliza. Ukasema nini?"

"Nikasema ni mimi naigiza."

"Basi sina kingine cha kukuonyesha."

Hapo sasa ndipo alipokaa. Aliiweka fomu magotini, akauliza swali lililomtoa nyumbani.

"Nikisafishwa kesho, na kumbe yupo, atakuwaje?"

Daktari aliitazama fomu. "Wewe hutaumia. Utaamka na kumbukumbu zake chache, kama mambo uliyosimuliwa. Yeye hataamka. Kitabibu tunaita muungano. Lakini muungano ninaoujua mimi huja taratibu, miaka, na wote wawili wakitaka. Huu wa dakika arobaini, mmoja akiwa hana habari, una jina jingine la kawaida kabisa. Sipendi kulitaja."

"Na kama hayupo?"

"Basi utakuwa umekaa dakika arobaini ukipigwa na joto kichwani."

"Saini yangu inatosha?"

"Sheria inamjua mtu mmoja. Inatosha."

Tusekile alitoka mle akijisemea kwamba mambo ni rahisi. Alikuwa na miezi minne ya kujichunguza, na kila alipojichunguza alimkuta mtu mmoja tu, yeye, tena mwongo. Aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Kuipoteza kwa ajili ya kiumbe alichojitungia mwenyewe ulikuwa ujinga mtupu. Aliamua atasaini, na usiku ule akalala kama gogo.

*

Ijumaa asubuhi walikuwa wanamaliza kukwangua bomba la tisa.

Mvuke wa Ilindi huja na chokaa, na chokaa huganda ndani ya mabomba kama ukoko wa wali. Kila baada ya miezi kadhaa bomba hufungwa, likapoa siku mbili, kisha watu huingia kwa magoti na brashi za chuma, wakakwangua. Kabla ya kuingia, kila mmoja hutundika kufuli lake kwenye nondo inayopita katikati ya gurudumu la valvu. Ukitoka, unaliondoa kwa mkono wako mwenyewe. Nondo ikiwa na kufuli hata moja, gurudumu halizunguki na mvuke hauingii. Sheria nzima ndiyo hiyo. Haina ibara ya pili.

Waliingia sita. Saa nne walikuwa wametoka wote, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Tusekile alitoa kufuli lake, namba arobaini na moja, akalitia mfukoni. Alikumbuka kuingia na alikumbuka kutoka. Hapo katikati palikuwa na kukwangua, na nani anakumbuka kukwangua.

Bwana Shekalaghe wa makao makuu alikuwa amesimama pembeni na saa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alikuja kuona bomba linarudi kazini na fomu ya nne inasainiwa, na viwanda vya chai huko chini vilikuwa vimeshapiga simu mara tatu, maana majani yaliyochumwa jana yalikuwa yananyauka kwenye vichanja yakisubiri mvuke wa kuyakausha. Daktari Lugano alikuwa nyuma yake na Kofia ndani ya sanduku.

"Fungueni," alisema Bwana Shekalaghe.

"Bado moja," alisema Ipyana.

Kwenye nondo lilining'inia kufuli. Namba arobaini na mbili.

Ipyana aliwahesabu watu. Sita. Akawahesabu tena kwa kuwagusa mabega, kisha akamgeukia Tusekile. "Dada, umesahau la pili."

"La pili la nani?"

"La kwako. Si ndiyo desturi yako, unafunga mawili? Mwaka mzima tunakucheka, tunasema Tusekile mwoga anafunga kama anayefunga duka."

Tusekile aliukumbuka utani huo. Alidhani wanamcheka kwa kukagua valvu mara mbili mbili. Alipapasa kufuli lake mfukoni.

"Mimi nafunga moja," alisema.

Hakuna aliyecheka. Akaitwa Mama Lutengano, mtunza stoo, mwanamke mnene asiyekimbia kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuja na daftari lake la makufuli kwapani, akalamba kidole, akafunua.

"Arobaini na moja, Tusekile. Arobaini na mbili, Bupe. Amechukua mwezi wa tatu mwaka jana, saini hii hapa."

Bwana Shekalaghe alipitisha macho kwenye orodha ya wafanyakazi. "Hakuna Bupe hapa."

"Yupo, si ndiye huyu hapa?" Mama Lutengano alisema, akimwonyesha Tusekile kwa kidevu. "Nilidhani ni jina lake la nyumbani. Mimi mwenyewe kwetu naitwa jina jingine. Akija kama Tusekile nampa chai na sukari vijiko vitatu. Akija kama Bupe hataki sukari kabisa, na anauliza miguu yangu inaendeleaje. Huyu Tusekile hajawahi kuniuliza miguu."

Mwezi wa tatu mwaka jana. Kofia zilikuwa hazijaletwa. Tusekile alikuwa hajaonana na Daktari Lugano, hajaulizwa swali hata moja, hajamwona mtu yeyote akiandika kwa furaha. Aliyekwenda stoo siku ile kuomba kufuli hakuwa na wa kumwigizia, isipokuwa mama mmoja mwenye miguu mibovu.

Hata hapo, sauti ya shaka haikumwacha. Ulisahau tu, ilimwambia. Uliamua siku moja kujiita jina jingine, ukasahau.

"Sawa," alisema Bwana Shekalaghe. "Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi," alisema Mama Lutengano. "Kila akifunga ananiletea. Aliniambia, nikija nikasema mimi ni Bupe, nipe. Nisiposema, usinipe hata nikikulilia."

Watu wote wakamtazama Tusekile. Bwana Shekalaghe alipumua kwa nafuu.

"Basi sema, mama, tumalize. Sema wewe ni Bupe, chukua ufunguo, ufungue."

Ilikuwa kazi ya maneno matatu. Miezi minne alikuwa amejishtaki kwamba anaigiza, kwamba Bupe ni mchezo wa kuigiza aliouzoea mpaka akausadiki. Na sasa mbele ya kituo kizima anaombwa auigize, kwa faida ya kila mtu, na hakuna atakayemlaumu. Kama kweli alikuwa mwigizaji, hii ndiyo siku yake.

Alifungua mdomo. Aliisikia "mimi" ikifika kwenye meno, na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Haikuwa haya, wala woga. Lilikuwa jina la mtu mwingine na hakuweza kulichukua, kama ambavyo hangeweza kuchukua mkoba wa mtu kwenye benchi. Na palikuwa na kufuli. Kwenye kufuli hakuna mtu wa Ilindi anayesema uongo, maana uongo huo unaweza kumchemsha mtu akiwa hai.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini? Mwandiko huu si wako?"

"Mkono ni wangu. Aliyeandika si mimi."

Alijisikia akisema hivyo, na alisikia pia kwamba hakutanguliza "labda". Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Yalikuwa ya raha. Mwongo aliyemtafuta kwa miezi minne hakuwepo.

Bwana Shekalaghe aliagiza mkasi wa kukatia chuma. Aliyeagizwa aliutazama uso wa Ipyana, akabaki pale pale.

"Bosi, hapa kufuli halikatwi," alisema Ipyana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na mzaha mdomoni mwake.

"Bomba ni tupu. Nimelimulika kwa tochi mwenyewe."

"Hata mimi naamini ni tupu. Ndiyo kazi ya kufuli, halijali ninaamini nini."

Ndipo Tusekile alipoielewa ile fomu. Aliitoa mfukoni, ina vumbi jeupe, akampelekea Daktari Lugano badala ya Bwana Shekalaghe.

"Jana nilikuuliza kama yupo," alisema. "Nilidhani lazima nijue kwanza ndipo niamue. Kumbe sihitaji kujua. Nikiwa na shaka sifungui mvuke. Sisaini."

"Unajua maana yake kwa kazi yako," alisema Bwana Shekalaghe, bila ukali.

"Najua. Na naipenda sana kazi yangu."

Kisha aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu la valvu, akafumba macho. Hakujua namna ya kumwita mtu aliye ndani ya kichwa kimoja naye. Alijua namna moja tu ya kumwachia mwenzake kazi, basi akaitumia. Kwa sauti, kama wanavyosimama kila siku ukumbini, alisema: nimeingia bomba la tisa saa moja na nusu. Nimekwangua mpaka kwenye kona. Nimetoka saa nne kasoro, nimetoa kufuli langu, lako nimeliacha. Nilitaka kukufuta, na sasa sitaki. Nimemaliza, pokea.

Wenzake watano waliketi pia, mmoja mmoja, vumbi na yote. Mama Lutengano alitafuta ndoo, akaipindua, akakalia.

*

Kilichofuata alisimuliwa.

Kitu cha kwanza alichokisikia mwenyewe kilikuwa mvuke unanguruma ndani ya bomba la tisa, mgongoni pake. Alikuwa amesimama. Magoti yalikuwa na vumbi jipya, kiwiko kimechubuka, na kiganjani alishika kufuli namba arobaini na mbili, limefunguliwa. Ipyana alikuwa mbele yake, uso kwa uso, mikono nyuma, amesimama anavyosimama mtu anayekabidhi zamu.

"Umerudi?" aliuliza.

"Nimerudi."

"Basi sikiliza, nikukabidhi. Bupe ameamka saa nne na robo. Amesema jina lake, amepewa ufunguo, hakufungua. Amesema alikuwa bado ndani. Ameingia tena bombani peke yake, mpaka baada ya kona, pale tochi haifiki, akatoka na hii."

Miguuni mwao, juu ya zege, kulikuwa na brashi ya chuma, yenye mpini wa urefu wa mkono. Moja ya brashi walizoingia nazo. Mvuke ungefunguliwa, ungeisukuma kama risasi mita mia mbili, moja kwa moja kwenye mapanga yanayozungushwa na mvuke ndani ya mtambo, na walikuwepo watu kumi na wanne wakifanya kazi kuzunguka mtambo huo. Bupe aliiona tangu asubuhi. Alikuwa akiifuata ndipo Tusekile alipomrudia kichwani bila kujua, akageuka, akatoka nje. Alichoweza kuacha ni kufuli.

"Kisha ametoa kufuli, amefungua valvu, mizunguko miwili na nusu ya gurudumu, taratibu, bila kishindo," Ipyana aliendelea. "Amemuuliza Mama Lutengano kuhusu miguu. Rudia."

Tusekile alirudia. Nimeamka saa nne na robo. Nimesema jina langu. Nimeingia peke yangu mpaka baada ya kona. Alipofika kwenye brashi alicheka, na wenzake wakaangua kicheko naye, mtu akapiga bomba kwa spana, mwingine akadakia, mpaka Mama Lutengano akaziba masikio na kusema watamharibia daftari kwa vumbi lao.

Bwana Shekalaghe alikuwa ameiokota ile brashi na kuizungusha mikononi muda mrefu. Alikuwa ametoa jasho kuliko walioingia bombani. Alimwambia Daktari Lugano arudishe Kofia sandukuni. Kisha aliandika kwenye ratiba ya wiki ijayo, kwa mkono wake, mbele yao, majina mawili kwenye valvu ya tisa, na akasema makao makuu yakiwa na neno yamtafute yeye.

Kabla hajapanda gari alimwita Tusekile pembeni. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Na kama daktari amekosea? Kama brashi uliiona mwenyewe ukasahau, na kumbe humo ndani uko peke yako?"

Tusekile alifikiri. Lilikuwa swali lake mwenyewe, analijua kwa kila upande, na alijua litarudi, huenda kesho, huenda baada ya chakula cha mchana. Safari hii halikumtetemesha.

"Basi nitakuwa nimekataa kumuua mtu ambaye hayupo," alisema. "Nitaweza kuishi na hilo."

Akafunga buti vizuri, akarudi ukumbini. Kisima cha saba kilikuwa kinapanda, na zamu ilikuwa bado yake mpaka saa nane.